Usianze na tai: kwa wanaoanza kukagua helmeti za ncha za Kijerumani

Mgeni wa kazi hii akishikishwa Pickelhaube, ile helmeti ya ngozi yenye ncha utosini, macho yake hukimbilia bamba la mbele. Tai wa Prussia, ufalme mkubwa kuliko nchi zote za Dola la Ujerumani la wakati huo, katanua mbawa, shaba inang'aa, "Mit Gott für Koenig und Vaterland" ("Pamoja na Mungu, kwa ajili ya Mfalme na Nchi") inasomeka herufi kwa herufi, na moyo umeshatekwa. Tai mwache kwanza. Hakuna kitu rahisi kuigiza kama bamba, wala rahisi kubandua kwenye helmeti moja na kupachika kwenye nyingine. Igeuze, uanzie ndani.

Helmeti ya askari wa kawaida ya muundo wa mwaka 1895 ina bitana ya ndimi za ngozi laini, zimekusanywa utosini kwa kamba. Bamba lake hushikwa na vipete viwili vilivyopenya ngozi na kukazwa kwa ndani. Ofisa alijinunulia yake kwa fedha zake mwenyewe, kwa hiyo utakuta ukanda wa jasho na bitana ya hariri, rangi ya kijani chini ya ukingo wa mbele na nyekundu chini ya ule wa nyuma, bamba lenye skrubu na nati, na vifungo vyenye vichwa vya umbo la nyota kwenye kitako cha ncha. Ukikuta nyota kwa nje halafu ndimi za ngozi kwa ndani, mtu ameichakachua. Ila kuna mchanganyiko wa halali: vijana waliojitolea kutumikia mwaka mmoja waliruhusiwa kujinunulia, wakachagua ngozi nzuri na bitana nzuri huku vifaa vya nje vikibaki vya askari wa kawaida. Wanaoanza huzikataa hizi kwa pupa.

Kwa niliyoyaona mimi, anayekuumiza si yule aliyetengeneza helmeti nzima ya bandia. Ni yule aliyechukua mwili halali wa Prussia, ambao ndio mwingi kuliko yote, akaupachika bamba la nchi ndogo ya dola hilo kama Hesse au Oldenburg ili bei ipande. Kila kipande ni cha kale, hakuna cha uongo, ila havijawahi kuishi pamoja.

Huyu hunaswa na matundu. Mwenye mali akikuruhusu, ondoa bamba taratibu, bila kulazimisha vipete. Vikikatika umeharibu ushahidi na mali ya mtu. Kisha inamisha helmeti kwenye mwanga wa dirisha. Palipofunikwa na bamba kwa miaka mia na zaidi, vanishi ni nyeusi zaidi, haina mikwaruzo, na pembeni yake pamebaki mstari mwembamba wa vumbi na dawa ya kung'arishia shaba iliyogandia. Huo ni mchoro wa bamba la kwanza. Ukiona mchoro wa mbawa za tai ilhali bamba ulilonalo mkononi ni la simba wa Hesse, kazi imekwisha. Hesabu na matundu: mawili ya zamani yana kingo nyeusi zilizolainika, la tatu lina nyuzi za ngozi mbichi rangi ya kahawia. Wengine huziba tundu kwa nta na rangi, kwa hiyo pitisha kidole na kwa upande wa ndani pia.

Za bandia kabisa ni nyepesi kuzitambua. Nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya maigizo na mapambo ya ukutani. Vanishi yake haina ule mtandao wa nyufa ndogondogo, ngozi inanukia duka la viatu, na uchafu umepakwa sehemu ambazo vidole vya askari vingeusugua ukatoka. Uwe na taa ndogo ya urujuanimno (UV). Uzi wa kisasa wa sintetiki mara nyingi hung'aa chini yake. Wa kale kwa kawaida haung'ai. Kumbuka tu kwamba mshono mmoja uliorudiwa na fundi si sababu ya kuikataa helmeti nzima. Sumaku nayo usiiache nyumbani: vifaa vya shaba havishiki, vile vya kijivu vya muundo wa mwaka 1915 ni vya chuma, vinashika.

Mihuri isomeni na historia mkononi. "B.A." ikifuatiwa na namba ya Kirumi ni ofisi ya mavazi ya kikosi kikuu cha jeshi chenye namba hiyo, na mwaka hufuata. Ofisa hakugawiwa helmeti na ofisi hiyo, kwa hiyo mhuri huo ndani ya helmeti ya kiofisa unanitia shaka kuliko kunitia moyo. Muuzaji akisema helmeti yake ya Bavaria, ufalme wa kusini mwa Ujerumani, ilipigana vita vya 1870 kati ya Wajerumani na Wafaransa, mshukuru uondoke. Bavaria ilianza kuvaa ncha mwaka 1886. Duara la rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu upande wa kulia lilikuja 1897, ingawa helmeti za zamani nazo ziliongezewa, kwa hiyo hilo peke yake halitoshi kuhukumu. Na mpira utosini badala ya ncha haimaanishi ncha imepotea: hiyo ni ya askari wa mizinga wa Prussia.

Usafi nao si kosa. Mwaka 1919 Wamarekani walipeleka kwao maelfu ya helmeti kutoka maghala ya Ujerumani ili kuchangamsha mkopo wa ushindi, yaani hati za mkopo ambazo serikali yao iliwauzia wananchi kulipia gharama za vita. New York walizipanga zikawa piramidi karibu na Grand Central. Nyingi hazikuwahi kuvaliwa, na ndiyo maana bado zinatoka darini zikiwa kama jana.

Huku kwetu Afrika Mashariki kuna hadithi yake maalumu, nimeisikia kwa watu tofauti: helmeti ya ncha "ya jeshi la Lettow-Vorbeck", kamanda wa Wajerumani huku katika Vita vya Kwanza vya Dunia, imefukuliwa shambani Tanga. Wajerumani wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Kijerumani, walipigana na kofia pana za ukingo uliokunjwa au helmeti za nchi za joto, na askari wetu kofia za khaki zenye kitambaa cha kufunika shingo. Na hata tukimkubalia muuzaji hilo, bado aeleze ngozi ilikaaje ardhini tangu 1914, mvua za masika juu na mchwa chini, ikatoka na vanishi yake na kamba ya bitana.