Sweta hufumwa, hushonwa au husukwa?

SWALI: Mama yangu ana mashine ya kutengenezea masweta ya wanafunzi. Yeye husema "nafuma sweta." Wateja wake humwambia "nishonee sweta," na jirani yetu husema "mama yenu anasuka." Nani anasema sawasawa? Na je, jezi ya mpira ina uhusiano wowote na sweta?

JIBU: Mama yuko sahihi. Sweta hufumwa.

Kushona kunataka kitambaa kiwepo kwanza. Kufuma ndiko kunakokizaa kitambaa chenyewe kutokana na uzi. Hata hivyo, wateja wa mama hawajapotea kabisa. Mtazame akiwa kazini: mashine inatoa kipande cha mbele, cha nyuma na mikono miwili, kila kimoja peke yake. Kisha vipande vinaunganishwa ubavuni na mabegani, na shingo inamaliziwa. Hatua hiyo ya mwisho ni kushona kweli. Mama akisema "nimeshamaliza kufuma, bado kushona," amesema Kiswahili safi.

Kusuka ni kwa nywele, mikeka, vikapu na kamba, yaani kazi ya kupishanisha mafungu kwa vidole. Kwa sweta, mimi nisingelitumia.

Kitenzi "kufuma" kilianzia kwenye kitanda cha mfumi, yaani kiunzi cha kufumia nguo, ambako mshindio (uzi wa kukingama) hupitishwa katikati ya nyuzi za mtande (zilizotandwa kwa urefu). Kazi hiyo ni ya kale katika pwani yetu. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo za mji huo zilipelekwa mpaka Misri. Sweta halina mtande wala mshindio. Ni uzi unaopita kitanzi ndani ya kitanzi, safu juu ya safu, ndiyo maana linavutika na kurudi. Wapo wanaotaka kazi hii ipewe kitenzi chake. Sioni haja, kwa sababu wasemaji walikwisha kuamua zamani, na panapohitajika kutofautisha tunasema kufuma kwa sindano, kwa mashine, au kwa kitanda. Hata vile vitambaa vya makochi, vinavyotengenezwa kwa sindano moja yenye ndoana, watu husema vimefumwa.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni kinyume chake, "kufumua." Sweta likichakaa, ukipata ncha ya uzi utalifumua lote, safu kwa safu, na uzi ule ukafumiwa kitu kingine. Nguo ya kitanda cha mfumi haikubali hivyo. Jirani yenu naye asikie hili: nywele tunazisuka, lakini siku ya kuzifungua tunazifumua!

Kwa kuwa mama anauza masweta, niongeze jambo moja. Uzi wa manyoya ya kondoo ni uzi wa sufu. Sufi ni ile pamba nyepesi ya mti wa msufi, inayojazwa kwenye mito na magodoro. Herufi moja tu, lakini mteja anayeuliza "hili ni la sufi?" anauliza kitu kisichokuwepo.

Sasa jezi. Jersey ni kisiwa kidogo karibu na pwani ya Ufaransa, chini ya mfalme wa Uingereza. Watu wake walisifika kwa kufuma soksi na mavazi ya sufu, na walizama katika kazi hiyo kiasi kwamba mwaka 1608 ilitungwa sheria ya kuwazuia kufuma wakati wa mavuno. Jina la kisiwa likawa jina la vazi la wavuvi na mabaharia, kisha la wanamichezo, ambao zamani walicheza na fulana nzito za sufu. Likawa pia jina la kitambaa laini cha kufumwa, kilichotumika zaidi kwa nguo za ndani za wanaume hadi Gabrielle Chanel, mbunifu wa mitindo wa Ufaransa, alipokishonea magauni ya wanawake katika miaka ya 1910.

Ukitaka kuona udugu wao, chukua fulana ya pamba, ivute kidogo na uitazame kwa karibu. Utaona vitanzi vidogo vimejipanga kama herufi V, safu kwa safu, sawasawa na vya sweta, ila uzi wake ni mwembamba mno. Jezi za poliesta nazo kitambaa chake hufumwa hivyo kwa mashine.

Tofauti iko katika umbo. Sweta la mama hupata umbo lake likiwa bado kwenye mashine, kwa kuongeza na kupunguza vitanzi. Jezi hukatwa kwenye kitambaa kilichokwisha kufumwa kiwandani, kisha vipande vikashonwa. Kwa hiyo anayekwambia "nimeshonesha jezi za timu" amesema sawa, na mama akiendelea kusema anafuma sweta, amesema sawa vilevile.