Memori kadi haisomeki kwenye simu nyingine: je, imekufa?

Swali: Mimi ni fundi cherehani, Mbagala. Simu yangu ya Android ilipojaa niliweka memori kadi ya GB 32, nikakubali itumike kama hifadhi ya ndani, kisha nikahamishia humo programu pamoja na picha za mishono ya wateja. Wiki iliyopita simu ilianguka na kioo kikafa. Nimeichomeka kadi kwenye simu ya mdogo wangu, nayo inataka kuifomati. Nikubali?

Jibu: Usikubali, ndugu yangu, maana kufomati ni kufuta vilivyomo; itoe kadi hiyo leo hii na uirudishe kwenye simu yako, hata kama kioo hakionyeshi kitu. Kwa maelezo yako, kadi haijafa.

Tangu toleo la 6.0 lililotoka mwaka 2015, Android inaweza kuitumia kadi kwa namna mbili. Ikiwa hifadhi ya kuhamishika, picha na nyimbo zilizomo husomeka kwenye simu au kompyuta nyingine bila shida. Ikifanywa hifadhi ya ndani, simu huifuta kwanza, huipanga upya, kisha husimba (hugeuza kuwa maandishi ya siri) kila inachokiandika humo kwa ufunguo ambao haukai kwenye kadi bali ndani ya simu yenyewe. Ndiyo maana simu ya mdogo wako inaiona kadi kama kitu kisichosomeka: imeshika kufuli, lakini ufunguo umebaki kwako.

Kwa hiyo kinachopaswa kuokolewa kwanza ni simu. Badilisha kioo, na kabla hujamwachia fundi, hasa hapa Kariakoo ambako kuflashi, yaani kuweka upya mfumo wa simu, ni dawa ya kila ugonjwa, mwambie wazi kwamba simu isiflashiwe wala kurudishwa katika hali ya kiwandani, kwa sababu ufunguo ule ukifutika, picha zako hazitafunguka tena. Kioo kikishapona, unganisha simu na kompyuta kwa waya na unakili picha zote kabla ya kugusa jambo jingine.

Baadaye, mimi nisingeifanya tena kadi hiyo kuwa hifadhi ya ndani. Programu husoma na kuandika vipande vidogo vidogo mfululizo, ilhali alama ya Class 10 inayoandikwa kwenye kadi inaahidi tu mwendo wa MB 10 kwa sekunde katika kuandika faili kwa mfululizo, kama video. Kadi inayofaa kubeba programu ina alama ya A1, yaani inamudu angalau kusoma mara 1,500 na kuandika mara 500 kwa sekunde. Acha programu ndani ya simu, ifomati kadi kama hifadhi ya kuhamishika, na uiagize kamera, kama ina chaguo hilo, ihifadhi picha moja kwa moja kwenye kadi. Ila usiziweke ndani ya folda ya Android/data, kwani folda ya programu iliyomo humo hufutwa pamoja na vilivyomo siku unapoiondoa programu hiyo.