Kidonda kinajuaje muda wa kuvimba umekwisha?

SWALI: Habari za kazi, mhariri. Wiki iliyopita nilijikata kidole na kisu, siku ya pili kikavimba, kikawa chekundu, kinapwita mpaka usingizi hamna. Siku ya tano uvimbe ukashuka wenyewe, sasa hivi kinawasha tu. Nasikia kazi yote hiyo ni ya seli nyeupe za damu, sasa nani huziambia vita basi, anzeni kujenga?

JIBU: Nzuri, na pole na kidole. Hakuna anayeziambia bwana, zinageuka zenyewe hapo hapo kwa kuwasha na kuzima jeni, yani vipande vya DNA vyenye maelekezo ya kazi ya seli.

Karibu kila seli ina DNA kama mita 2 imekunjwa ndani ya kiini, jeni za kutengeneza protini ni kama 20,000 ila seli haizisomi zote, inasoma za kazi iliyopo. Ulipojikata, ndani ya masaa machache nyutrofili, seli nyeupe za mstari wa mbele, zilikuwa zimeshafika, halafu siku ya pili au ya tatu hivi zikajaa makrofeji, seli nyeupe nyingine, walaji haswa hao. (Mrusi Metchnikoff aliwaona walaji wa aina hiyo 1882 alipomchoma mwiba lava (mtoto) wa kiti cha pweza, akakuta asubuhi seli zimeuzingira.) Makrofeji ikigusa kipande cha bakteria au mabaki ya seli zilizopasuka, ujumbe unakimbia ndani hadi kwa protini inaitwa NF-kB, ambayo muda wote huo imekaa nje ya kiini, imeshikwa na mlinzi wake IkB, basi mlinzi anasagwa, NF-kB inaachiwa, inaingia kwenye kiini na kuwasha jeni za protini za kuchochea uvimbe, TNF, IL-1, IL-6 na wenzao. Ndio hao waliokunyima usingizi.

Halafu kuna hii ambayo hunichekesha kila nikiikumbuka: kati ya jeni ambazo NF-kB inaziwasha imo ya yule yule mlinzi wake! Yani mfungwa katoka jela, mwenyewe anaagiza askari mwingine aje amkamate.

Sasa kugeuka kwenyewe. Nyutrofili haziishi sana, zinafia humo humo kidondani na makrofeji inazimeza, na mlo huo wa maiti ndio taarifa yenyewe kwamba vita imepoa. Jeni za uvimbe zinaanza kufifia, zinawaka za IL-10 ya kutuliza, TGF-beta inayoamsha seli za kufuma kolajeni (nyuzi zinazoshikiza ngozi), na VEGF ya kuchipusha vimishipa vya damu. Jeni inawaka au kuzimwaje? DNA imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni kama uzi kwenye kibiringo, zikibandikwa alama fulani uzi unalegea jeni inasomeka, zikibanduliwa unakaza. Herufi za DNA hazikuguswa hata moja.

Shida ni pale kugeuka kunapokwama. Kwa wengi wenye kisukari makrofeji zinabaki kwenye hali ya vita, jeni za uvimbe ziko wazi tu, ndo maana kidonda cha mguu kinakaa miezi na usipokiwahi kinaweza kufikia kukatwa.

Cha kwako kuwasha ni kawaida, kinapona, usikibandue kigaga. Ila kikianza tena kupwita, wekundu ukatambaa au ukapata homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.