Maswali ya Karakana: Jiliwa la Babu Linateleza na Nati Yake Haipatikani

SWALI: Shikamoo fundi. Nina jiliwa kubwa la benchi, kile chombo cha kubania vitu wakati wa kazi, lilikuwa la babu, likaja kwa baba na sasa ninalo mimi. Siku hizi ukikaza kitu linashika kidogo halafu linaruka, mpini unazunguka bure. Nimelifungua nikakuta ile nati ya ndani meno yameisha kabisa. Kiwanda kilicholitengeneza nasikia kilishafungwa zamani, nimetafuta spea hadi mtandaoni sijapata. Jirani anasema nijazie nati kwa welding, mwingine anasema nikaliuze kama chuma chakavu. Sitaki kulipoteza. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na usiliuze! Jiliwa lako halijafa, iliyokufa ni nati tu, na nati mara nyingi hutengenezwa kwa chuma laini kuliko parafujo, yaani ile fimbo yenye meno inayozungushwa na mpini, makusudi ili ikilika ilike yenyewe, parafujo ibaki. Acha kutafuta spea yenye jina la kiwanda, utazeeka. Unachotafuta wewe ni vipimo, ukishakuwa navyo nati inakerezwa.

Welding sahau. Nati nyingi za majiliwa ya zamani ni chuma cha kumimina, kina kaboni nyingi, ukikichoma kwa elektrodi ya kawaida pale pembeni ya mchomo panakuwa pagumu kama kioo halafu kikipoa kinapasuka. Hata kisipopasuka utatengeneza vipi meno sawasawa humo ndani?

Sasa vipimo, na hapa uwe na subira maana ndipo watu wengi wanapoharibu. Safisha parafujo kwa brashi ya waya na mafuta ya taa mpaka uone chuma. Usipime sehemu iliyo karibu na mpini, hapo ndipo nati inapokaa ukibana vitu vyembamba, kwa hiyo pamelika sana, utaona meno yamechongoka juu badala ya kuwa na kichwa bapa. Pima kule kwenye ncha ya mbali ambako nati haifiki mara kwa mara. Weka rula, pima kutoka jino la kwanza mpaka la kumi na moja, kisha gawanya kwa 10, usipime jino moja peke yake kwa sababu kosa dogo la jicho litakudanganya. Ukipata milimita 60 basi jino hadi jino ni milimita 6, hiyo ni metriki, yaani ya vipimo vya milimita. Ukipata 63.5 ni 6.35, yaani meno 4 kwa inchi, na ukipata 50.8 ni meno 5 kwa inchi. Majiliwa ya zamani ya Uingereza na Marekani ni ya inchi, usishangae.

Angalia pia umbo la jino. Kuna lenye kuta zilizosimama wima, kuna lenye kuta zilizolala kidogo. Hayo yaliyolala ya inchi yana pembe ya nyuzi 29 na ya metriki yana pembe ya nyuzi 30, kwa macho huwezi kutofautisha hata kidogo, ndiyo maana nimekusisitizia ile rula. Mtu akikupa nati ya milimita 6 kwenye parafujo ya 6.35 itaingia mizunguko michache vizuri tu, utafurahi, halafu itakwama, maana kwa meno 10 tofauti imeshafika milimita 3.5.

Peleka parafujo yenyewe pamoja na nati mbovu kwa fundi mwenye mashine ya kukereza, usipeleke namba kwenye karatasi peke yake. Mwambie atengeneze nati ya bronzi au chuma cha kumimina, na aijaribu kwenye ile ncha ambayo haijalika. Akiilinganisha na sehemu iliyolika, nati itakuwa imebana vizuri ukifunga, lakini ukifungua jiliwa sana itagoma.

Parafujo nayo ikiwa imeisha, badilisha vyote viwili. Fimbo zenye meno ya aina hii pamoja na nati zake zinauzwa tayari kwa ajili ya mashine, chagua unene unaokaribiana na wa zamani. Kichwa cha babu kinachoshika mpini usikitupe, fundi anakikata, anakitoboa, anaingiza fimbo mpya na kuipiga pini.

SWALI: Fundi, randa yetu ya zamani ya Stanley imepoteza skrubu ya mpini. Nimejaribu M6, ile skrubu ya unene wa milimita 6, haiingii.

JIBU: Usiilazimishe tafadhali, tundu lipo kwenye chuma cha kumimina, ukiliharibu ndo basi. Skrubu hizo ni saizi 12 zenye meno 20 kwa inchi, kipimo ambacho maduka ya kawaida hayana. Agiza kwa wauza spea za randa, au tafuta randa kama hiyo iliyovunjika uchukue skrubu zake zote. Na ukiifungua, kumbuka ile nati ya shaba ya kurekebisha kina inafungwa kinyume, uzi wake ni wa kushoto.