Anzia kwa Hans mdogo

Dogo, umesema notsi zako za saikolojia kuhusu Freud, yule daktari wa Vienna aliyeanzisha nadharia ya akili iliyofichika, zimejaa tu "Freud alisema hivi" na ticha kakuandikia "tathmini iko wapi?" Sasa sikia, chukua kesi moja ya mgonjwa aliyoiandika Freud uikamue mpaka mwisho, mi ningechukua ya Hans mdogo ya 1909. Mtoto wa miaka mitano pale Vienna anaogopa farasi, Freud akasema farasi ni baba yake, yaani katoto kanamwonea baba wivu kwa mama. Ila ona, habari karibu zote Freud alizipata kwa baba mtu, tena baba mwenyewe alikuwa mfuasi wake, na kumbe mtoto alishaona farasi wa kukokota basi akianguka barabarani! Si hofu ya kawaida tu hiyo jamani? Hapo ndo unamleta Popper, yule mwanafalsafa wa sayansi, kwamba nadharia ambayo hakuna ushahidi unaoweza kuipinga si sayansi, maana Hans akikubali Freud kapatia, akikataa eti anaficha. Ila usiiponde nadharia yote ya Freud bana, kumtibu mtu kwa kuongea naye kulipata nguvu kutoka hapo, na mambo ya utotoni kuchukuliwa siriazi pia. Hizo idi na ego, yaani zile sehemu za nafsi kwa Freud (tamaa, na ile inayozidhibiti), usizieleze upya kurasa mbili, zitakula muda wa mtihani bure.