Nyie mnaoanza kazi labu, msiudharau mkojo (habari ya Linus Pauling)

Wadogo zangu mnaoingia labu hapa Uganda, iwe Kampala, Arua au Mbale, naona kila mgeni akifika anakimbilia mashine za damu na GeneXpert, ile ya kupima TB, mkojo unaachiwa mwanafunzi wa mafunzo, na yeye anachovya kijiti cha kupimia, anaandika, basi. Hiyo inaniuma kweli, kwa hiyo nisikilizeni kidogo habari ya Linus Pauling.

Pauling alikuwa mkemia wa Marekani, kazaliwa 1901 Portland, Oregon, akafundisha Caltech kule California, ndiye aliyetueleza vizuri atomi zinavyoshikana. Machi 1941 yuko New York kupokea medali, ana miaka 40, jina linapanda, na uso wake umevimba. Wakampima wakakuta ugonjwa wa Bright, yaani vile vichujio vya ndani ya figo vimeumia, protini inapita kwenda kwenye mkojo badala ya kubaki kwenye damu na maji yanabaki mwilini. Kumbukeni dayalisisi, yaani kusafisha damu kwa mashine, haikuwepo, mashine ya daktari Kolff kule Uholanzi ilianza 1943, kwa hiyo madaktari wengi walikuwa hawana la kumwambia.

Akapelekwa kwa Thomas Addis, daktari Mskoti aliyekuwa San Francisco na watu wa Stanford. Mawazo ya Addis yalikuwa hivi, ukila protini mwili unatengeneza urea na figo ndiyo inahangaika kuitoa, sasa figo mgonjwa ipunguziwe mzigo, protini kidogo iliyopimwa, chumvi hapana, maji ya kutosha na kulala kitandani. Na mke wa Pauling, Ava Helen, ndiye aliyebeba hiyo kazi jikoni, kila chakula kinapimwa protini yake, sio wiki moja, ni miaka, wakati uvimbe wenyewe ulishaisha zamani. Watu wanasimulia daktari tu, mimi naona bila huyo mama hakuna kupona.

Lakini kilichonifanya niwaandikie ni kwamba Addis alikuwa anakaa mwenyewe kwenye maikroskopu! Mkojo wa masaa 12 unakusanywa, anahesabu seli nyekundu, nyeupe na kasti (vipande vya protini vinavyoumbika ndani ya mirija ya figo), mpaka leo hesabu hiyo ina jina lake. Kwa hiyo alijua figo inapona au inazidi kuharibika kabla mgonjwa mwenyewe hajajisikia.

Sasa nyie. Mkojo usikae zaidi ya masaa mawili mezani, seli zinapasuka na kasti zinayeyuka, halafu unaandika hamna kitu kumbe kilikuwepo. Zungusha kwenye sentrifuji, punguza mwanga wa maikroskopu, anza na lensi ndogo na upite kwenye kingo za kioo kidogo cha kufunikia, kasti zinapenda kukaa pale. Ukiona kasti ya seli nyekundu usiifiche ndani ya rejista, piga simu wodini saa hiyo hiyo, hiyo damu inatoka kwenye figo yenyewe, sio kibofu, na kwetu hapa damu kwenye mkojo watu wanafikiria bilhazia haraka sana.

Na msimpe mgonjwa dayeti ya Pauling. Ilimfaa yeye chini ya daktari wake, mtoto aliyevimba kwa utapiamlo ukimnyima maharage na mayai unamuua. Na ile habari yake ya uzeeni ya kusifia vitamini C nyingi kama dawa mimi simfuati kabisa, Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, walijaribu kwa wagonjwa wa kansa hawakuona faida, halafu vitamini C ikiwa nyingi kwenye mkojo inaweza kuficha damu na sukari kwenye kijiti, kwa hiyo muulizeni mgonjwa anameza vidonge gani.

Pauling aliishi mpaka 1994, miaka 93, Nobel ya kemia 1954 na ya amani ya 1962, zote baada ya kuugua. Lakini kwetu kazi yake kubwa ni ya 1949, yeye na Itano, Singer na Wells walionyesha kwa umeme kwamba hemoglobini ya mgonjwa wa sikoseli ni tofauti na ya mtu asiye nayo. Mwaka huo huo Lehmann na Raper wakachapisha upimaji wao wa sikoseli hapa Uganda, na kwa Baamba wa Bundibugyo wanaobeba kijeni chake bila kuugua walifika karibu asilimia 45. Upimaji wa watoto wa nchi nzima uliochapishwa 2016 ulikuta asilimia 13.3 wanabeba.

Na sikoseli inaharibu figo, jamani. Mtoto wa kliniki ya sikoseli mkojo wake unakuwa mwepesi kama maji kwa sababu figo imeshindwa kuukaza, na kwenye mkojo mwepesi seli zinapasuka haraka zaidi, kwa hiyo kikopo chake kikifika kiwekeni mbele ya foleni.