Pikipiki kubwa ikianza kushtuka kwenye foleni

Barua za wiki hii ni za wenye pikipiki kubwa za silinda mbili, zile ambazo barabara ndefu zinateleza kama samli, lakini mwendo mdogo zinampiga mtu mgongo.

Ssebo fundi, nina V-Strom 1000. Asubuhi kutoka Nakawa hadi Kireka inanitupa mbele na nyuma, niko gia ya nne, kilomita 30 kwa saa hivi. Nimeambiwa ninunue injekta mpya, zile zinazonyunyizia petroli kwenye injini. Ninunue? (Ntinda)

Usinunue, ndugu yangu. Teremsha gia.

Injini yako ina silinda mbili zilizopangwa kama herufi V ya digrii 90, na hazipigi kwa nafasi sawa. Ikipiga moja, ya pili inafuata baada ya digrii 270 za mzunguko wa kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), kisha kunakuwa kimya cha digrii 450. Kwa mizunguko 1,500 kwa dakika, ambayo ndiyo uliyo nayo hapo Kireka, hizo ni milisekunde 30, halafu 50. Katika zile 50 kranki inapoteza kasi na cheni inalegea. Kipigo kinachofuata kinaikaza kwa ghafla. Hapo ndipo unapotupwa. Kijana wa boda aliye kando yako anapita taratibu kwa sababu silinda yake ni ndogo na gia zake ni fupi. Kipigo chake ni kofi, chako ni ngumi.

Weka gia ya pili, injini ipande kuelekea 2,500. Magari yakisimama-simama, ingia ya kwanza, shika klachi nusu, fungua mafuta kidogo na ukanyage breki ya nyuma kwa wepesi, ili cheni isipate nafasi ya kulegea. Jioni ukifika nyumbani, tazama waya wa mafuta: mshiko wa mkono ukizunguka zaidi ya milimita tatu au nne kabla injini haijasikia, punguza huo ulegevu. Pima cheni kwa kipimo cha kitabu chako. Halafu shika gurudumu la nyuma ulitikise. Likicheza sana kabla cheni haijavutwa, raba za ndani ya habu, kitovu cha gurudumu, zimekwisha. Ukimaliza hayo yote na bado inashtuka, niandikie tena tuzungumze injekta.

Mzee, nikipunguza jino moja kwenye sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta cheni, inasaidia? (Jinja)

Inasaidia, na bei yake ni ndogo. Mwenye meno 17 akiweka 16, injini itazunguka zaidi kwa asilimia 6 hivi kwa mwendo uleule. Ukienda Gulu utalipa tofauti kwenye mafuta. Na kama spidomita yako inasoma kutoka giaboksi, itakuongezea kasi usiyokuwa nayo.

Nina Boxer ya 2008, si Bajaj ya boda, ni BMW R 1200 GS, silinda moja kila upande. Nikifungua mafuta kidogo, upande mmoja unavuta na mwingine unaburutwa. (Muyenga)

Umefanya vyema kufafanua, maana Kampala ukisema Boxer unaletewa plagi ya silinda moja.

Yako inapiga kila baada ya digrii 360, sawasawa kabisa, kwa hiyo ikitetemeka hivyo namshuku fundi kabla ya mchoraji wa injini. Kila silinda ina mlango wake wa hewa na waya wake. Waya mmoja ukirefuka hata kidogo, upande wake unachelewa kufunguka. Anza na nafasi za valvu, injini ikiwa baridi. Ukizisahau, usawazishaji wote ni bure. Kisha pasha injini moto, funga geji za vakyumu, zinazopima mfyonzo wa hewa, pande zote mbili, na urekebishe nyaya mpaka zisome sawa ukifungua mafuta kidogo. Skrubu zilizotiwa rangi kiwandani usiziguse. Weka na feni mbele, kwa kuwa injini hii inapozwa na upepo na haipendi kusimama ikiwaka.

Huna geji? Mrija mwangavu uliokunjwa kama herufi U, wenye oili katikati, unatosha. Oili hupanda upande unaofyonza zaidi, yaani ule ambao mlango wake haujafunguka sawa na mwenzake. Ila mrija uwe mrefu, mita tano hivi. Mimi nilianza na mfupi, nikafungua mafuta kwa pupa, oili yote ikamezwa na silinda. Jirani alikuja kuuliza nani anachoma takataka.

Africa Twin yangu ya zamani, XRV750, inakohoa nikifika Kabale. Mjini ni nzuri. (Rubaga)

Kampala iko mita 1,200 hivi, Kabale karibu 2,000. Hewa inapungua, lakini kabureta haina sensa ya kuijulisha. Inaendelea kumwaga petroli ileile. Fungua plagi: zikiwa nyeusi na kavu, mchanganyiko ni mzito. Safisha filta ya hewa kwanza, maana vumbi linafanya kosa hilohilo, na umulike viwambo vya raba vya kabureta, kwani kwa umri huo hupasuka. Skrubu za mchanganyiko ziguse mwisho, robo mzunguko kwa mara moja, kabureta zote mbili sawa.

Petroli ya oktani ya juu italainisha injini? (Mbale)

Hapana. Oktani inazuia injini kugonga, haisogezi vipigo vikaribiane. Tia ile iliyoandikwa kwenye kitabu chako, kutoka kituo chenye wateja wengi.